Mashahidi Wawili wa Uzi Mmoja

Sauti ya kweli ya gitaa la umeme ni ipi? Swali linaonekana la kitoto mpaka ujaribu kulijibu. Chukua gitaa la umeme lenye mwili wa mbao nzito isiyo na uwazi ndani, usilichomeke popote, kisha lipige. Utasikia mlio mwembamba, kama mtu anayekwaruza waya wa ua kwa kucha. Aliyekaa chumba cha pili hasikii kitu. Je, hiyo ndiyo sauti yake? Hakuna aliyenunua gitaa la umeme kwa ajili ya mlio huo. Sauti tunayoijua sisi, ile iliyobeba muziki wa dansi kutoka Kinshasa mpaka Morogoro, inazaliwa baada ya kitu kingine kuusikiliza uzi na kutoa taarifa. Kitu hicho wanamuziki wanakiita pikapu (wenye magari ya mizigo watusamehe).

Maana yake ni kwamba gitaa la umeme tunalijua kwa ushahidi tu. Lenyewe hatujawahi kulisikia. Tumemsikia shahidi wake, na tumemzoea kiasi kwamba tunamchukulia kuwa ndiye gitaa.

Sasa, yapo magitaa yenye mashahidi wawili wa aina tofauti kabisa. Chini ya nyuzi kuna pikapu ya sumaku, na ndani ya daraja, pale nyuzi zinapolala kabla ya kufungwa, kuna vipande vidogo vinavyoitwa piezo. Kati yao kuna kitufe cha kuzungusha. Ukikizungusha huku unasikia sumaku peke yake, ukikizungusha kule unasikia piezo peke yake, na ukikiacha katikati wote wawili wanazungumza. Fundi atakwambia hilo ni suala la nyaya na betri. Mimi naona ni swali la maadili lililofungiwa ndani ya kitufe: mashahidi wawili waaminifu wakitoa taarifa zisizofanana kuhusu tukio moja, tuwafanyeje?

Swali hili si la wapiga magitaa tu. Kila anayeandika wasifu wa mtu, anayefasiri kitabu, anayesuluhisha ndugu waliogombania shamba, anayelea watoto wawili waliopigana, ameshika kitufe hicho. Tofauti ni kwamba kwenye gitaa tunaweza kufungua kifuniko tukaona kinachotokea ndani. Hebu tufungue.

Tuanze na shahidi mzee. Pikapu ya sumaku ni kitu rahisi cha ajabu: sumaku, na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake unautikisa uga wa sumaku, na uga ukitikisika, umeme unazaliwa ndani ya waya. Kanuni hiyo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Ilipita karne nzima kabla George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, huko Los Angeles, hawajaiingiza kwenye gitaa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hataza ya Beauchamp ilitoka mwaka 1937. Sababu yenyewe haikuwa ya kifalsafa. Gitaa lilikuwa linamezwa na tarumbeta na ngoma, na wapigaji walitaka kusikika kama wenzao.

Shahidi huyu ana tabia zake. Kwanza, hamwoni asiye na chuma. Funga nyuzi za nailoni juu ya pikapu ya sumaku, zipige hadi vidole viume, na kwenye spika hutapata kitu. Ndiyo maana udi wa taarabu, wenye nyuzi za nailoni, hauwezi kusaidiwa na pikapu ya aina hii, hata ingekuwa ghali kiasi gani. Udi unalia, watu waliokaa mbele wanausikia, ila kwa shahidi huyu haupo.

Pili, anaona mwendo tu. Umeme anaoutoa unafuata kasi ya uzi pale unapopita mbele yake. Uzi ukitulia, hana la kusema, hata kama umekazwa kwa nguvu ya kutaka kukatika.

Tatu, anaona mahali alipokaa tu. Uzi ukitetemeka haufanyi jambo moja. Unatetemeka mzima, na wakati huohuo unatetemeka kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kila mgawanyiko una vituo ambavyo havisogei. Pikapu ikiwa imekaa chini ya kituo kama hicho, sauti ya mgawanyiko huo haipo kwake. Ipo kwenye uzi, ipo chumbani, lakini kwenye taarifa yake haimo. Kwa hiyo pikapu ya karibu na shingo na ile ya karibu na daraja, hata zikiwa zimetengenezwa kwa mkono mmoja siku moja, zitatoa taarifa mbili kuhusu uzi uleule. Hakuna iliyodanganya. Zimekaa viti tofauti.

Shahidi wa pili ana nasaba nyingine. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa chaji ya umeme. Jina la piezo linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kubana. Umeshakutana nayo jikoni: kile kiwashio cha jiko la gesi kinacholia ta! na kutoa cheche bila betri kinafanya kazi hiyohiyo. Kwenye magitaa ya mbao ya kawaida, kampuni ya Ovation ya Marekani, iliyoanzishwa na mtengenezaji wa helikopta aitwaye Charles Kaman, ilisaidia sana kuieneza miaka ya 1970. Mwaka 1993 Ken Parker na Larry Fishman wakaleta Parker Fly, gitaa jepesi la umeme lililobeba mashahidi wote wawili, sumaku na piezo, katika mwili mmoja.

Paangalie vizuri mahali piezo inapokaa. Darajani uzi hausogei, au unasogea kidogo mno. Ungemweka shahidi wa sumaku hapo hasa, angekuapia kwamba hakuna kilichotokea. Lakini ni hapohapo uzi unaposukuma. Kila mtetemo unaosikia ukipita katikati ya uzi unaishia darajani kama mzigo: bana, achia, bana, achia, mamia ya mara kwa sekunde. Piezo haioni mwendo. Inahisi uzito.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sumaku inasimama kando ya uzi bila kuugusa, inautazama ukipita. Piezo imekaliwa na uzi. Mmoja anakwambia uzi ulifanya nini, mwingine anakwambia uzi ulimlemea vipi. Tukio ni moja, na taarifa zote mbili ni za kweli, lakini huwezi kuitoa moja ndani ya nyingine kwa kukaza masikio.

Kishawishi cha kwanza mbele ya mashahidi kama hawa ni kuchagua. Na wengi wameshachagua. Utasikia watu wakisema piezo ndiyo sauti ya asili na sumaku ni sauti ya kiwandani. Linapendeza kulisema, maana linamweka msemaji upande wa ukweli. Ila halina msingi. Gitaa la mbao hulisikii kutoka darajani. Unalisikia kupitia ubao wa juu unaosukuma hewa, hewa inayopita kwenye tundu, kuta za chumba zinazoirudisha. Hakuna msikilizaji aliyewahi kuingiza sikio chini ya uzi. Piezo inakuletea habari kutoka mahali ambapo hapajawahi kukaa mtu, na habari hizo zina makosa yake: kidole gumba kikigonga mwili wa gitaa inakipigia kelele, na uzi ukichapwa kwa nguvu inatoa mlio mkavu ambao wapigaji wameufananisha na wa bata. Kuwa karibu zaidi si kuwa mkweli zaidi. Wasomaji wa riwaya mnalijua hili. Msimulizi anayesema “nilikuwepo, yalinipata mimi” anatupa kitu ambacho hakuna mwingine anaweza kutupa, na bado yapo mengi ambayo yeye hasa, kwa sababu yalimpata, hawezi kuyaona.

Na kwa upande wa pili, kile kinachoitwa cha kiwandani kinaweza kuwa sauti yenyewe. Kundi la Konono N°1 la Kinshasa, chini ya Mawangu Mingiedi, lilichukua likembe, ala ya vidole yenye ndimi za chuma, likaifunga pikapu zilizotengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu. Lengo lilikuwa kusikika juu ya kelele za jiji. Sauti ilitoka imekwaruzwa na kupasuka, na albamu yao ya Congotronics ya mwaka 2004 ikawafikisha watu wa mbali kwa mkwaruzo huohuo. Aondoe nani sumaku pale ili tusikie likembe “ya kweli”? Itakuwa likembe nyingine, nzuri pia, lakini siyo ile.

Basi kuchagua kumeshindikana. Kishawishi cha pili ndicho kinachovutia watu wa amani: changanya nusu kwa nusu. Ukweli uko katikati, tunaambiwa. Kila upande una lake, chukua huku kidogo na kule kidogo, utapata haki.

Gitaa linatufundisha kwamba sivyo. Umeme wa pikapu unapanda na kushuka. Ikitokea sumaku inapanda wakati piezo inashuka, ukiwaunganisha nusu kwa nusu hupati sauti ya wastani. Unapata sauti iliyonyofolewa nyama. Kila mmoja anamfuta mwenzake. Mashahidi wawili, kila mmoja mkweli, kila mmoja ana sauti ya kutosha akiwa peke yake, na jumla yao ni pungufu kuliko yeyote kati yao. Asiyejua anahitimisha kwamba mmoja ni mbovu na kumzima. Kumbe tatizo ni kwamba walihesabu kutoka ncha tofauti. Huyu aliita juu kile mwenzake alichokiita chini. Dawa yake mara nyingi ni kugeuza nyaya mbili za koili, kazi ya dakika chache.

Ni ugomvi mangapi wa kifamilia uliokufa kwa namna hii? Kaka anasema “tulimsaidia sana mama.” Dada anasema “mama aliachwa peke yake.” Mpatanishi anapima katikati na kusema mama alisaidiwa kiasi, na kila aliyepo anaondoka akijua kwamba hicho ndicho kitu pekee ambacho si kweli. Kaka alihesabu fedha zilizotumwa. Dada alihesabu usiku aliokesha. Mama alisaidiwa sana, na mama aliachwa peke yake. Kabla ya kujumlisha ilibidi mtu aulize kila mmoja alianzia kuhesabu wapi.

Tena hata ukigeuza nyaya, mashahidi hawa hawatalingana kwa kila kitu. Kwa sababu mmoja anapima mwendo mahali fulani na mwingine anapima mzigo mahali pengine, baadhi ya sauti zitaungana na kunenepa, nyingine zitaendelea kupunguzana. Upatanifu kamili haupo. Anayeuza upatanifu kamili amezima mmoja bila kukwambia.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa suala lote. Ni la kiufundi kidogo, nivumilie.

Koili ya pikapu ya sumaku kwa kawaida ina ukinzani wa omu elfu chache, tuseme 5 hadi 15. Inaweza kusukuma umeme wake kwenye waya mrefu bila shida kubwa. Piezo haiko hivyo. Volteji inayo, wakati mwingine nyingi, lakini nyuma ya volteji hiyo hakuna nguvu. Inataka kupokelewa na mlango usioinyonya, wenye ukinzani wa omu milioni 1 au zaidi. Ukiiunganisha moja kwa moja na koili ya sumaku, kwa waya uleule, kwa masharti yaleyale, koili inainyonya. Cha kwanza kupotea ni besi, ule mwili wa chini wa sauti. Kinachobaki ni sauti nyembamba, kali, isiyo na tumbo. Ndipo mtu anasema: “Unaona? Piezo ni nyembamba. Ndivyo zilivyo.”

Lakini sivyo zilivyo. Ndivyo zilivyopokelewa. Mpe piezo kikuza sauti chake kidogo, chenye betri ya volti 9, kabla haijakutana na sumaku, na besi inarudi. Haikuwa imekosekana kwenye ushahidi. Ilimwagika mlangoni.

Mwanafalsafa wa Uingereza Miranda Fricker, kwenye kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu dhuluma katika ujuzi, anaeleza jinsi mtu anavyoweza kudhulumiwa kama shahidi: maneno yake yanapunguzwa uzito kwa sababu ya chuki au dhana waliyonayo wasikilizaji juu ya watu wa aina yake. Ni kweli na ni kubwa. Gitaa linaongeza jambo la pembeni yake. Koili haina chuki na piezo. Hakuna aliyemdharau mtu. Wote wametendewa sawa, waya mmoja, tundu moja, na bado mmoja amepoteza nusu ya alichokuja kusema. Dhuluma inaweza kukaa kwenye mpango wa nyaya bila kukaa moyoni mwa yeyote. Na kwa kuwa hakuna mwenye nia mbaya, hakuna anayejisikia kuwajibika.

Mfano ninaoufahamu wa jambo hili katika maisha ya watu unatoka Afrika Kusini. Tarehe 3 Machi 1986 polisi waliwaua vijana saba huko Gugulethu, Cape Town. Mmoja alikuwa Zabonke Konile. Miaka 10 baadaye, Aprili 1996, mama yake, Notrose Nobomvu Konile, alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Ukweli na Upatanisho. Alizungumza Kixhosa. Wakalimani walifasiri papo hapo kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye kumbukumbu rasmi. Ukiisoma, mama anaonekana amechanganyikiwa. Anaruka kutoka jambo hadi jambo, anataja ndoto ya mbuzi, huelewi anakwenda wapi.

Baadaye watu watatu walirudi kwenye kanda yenyewe: mshairi Antjie Krog, mwalimu wa Kixhosa Nosisi Mpolweni, na mwanasaikolojia Kopano Ratele. Wakasikiliza alichosema kwa lugha yake, wakafasiri upya, wakaenda mpaka kwake. Kitabu chao kilitoka mwaka 2009, na kichwa chake kinamtaja yule mbuzi. Walichoonyesha ni kwamba sehemu kubwa ya kuchanganyikiwa kule haikuwa ya mama. Iliingia njiani, kwenye ukalimani wa haraka na uandishi wake. Na ndoto ya mbuzi, kwa msikilizaji anayejua uhusiano wa ndoto na wazee waliotangulia, ilikuwa mahali pake. Besi ilikuwepo. Ilimwagika mlangoni.

Siwalaumu wakalimani. Kufasiri papo hapo kilio cha mama aliyeuliwa mtoto ni kazi ambayo wengi wetu tusingeimaliza hata siku moja. Tume yenyewe haikuwa ya kijinga. Ripoti yake ya mwaka 1998 ilitofautisha aina nne za ukweli: ule wa vithibitisho, ule wa simulizi ya mtu binafsi, ule unaojengwa kwa majadiliano ya jamii, na ule unaoponya. Yaani walijua kwamba kuna ushahidi wa mwendo, nani alikuwa wapi saa ngapi na bunduki gani, na kuna ushahidi wa mzigo. Walijenga hadi mlango wa pili. Na bado, kwa mama yule, waya ulimnyonya. Kujua kwamba kuna aina mbili za ukweli hakutoshi. Lazima mtu akague, kwa kila shahidi, kama alichoingia nacho ndicho kilichofika upande wa pili.

Hapa mpigaji gitaa mwenye subira ndogo ataniuliza: kaka, mimi nataka sauti tamu tu, haki inaingiaje? Ni swali zuri, na sitaki kulikwepa. Muziki si mahakama. Mtu akiipenda piezo iliyonyonywa, nyembamba na kali, aipige, hajamkosea mtu. Uzi hauna heshima ya kuvunjiwa. Ninachosema ni kwamba aliyezima besi kwa kupenda na aliyeipoteza bila kujua hawako mahali pamoja, hata kama spika zao zinatoa sauti moja. Wa kwanza ana ladha. Wa pili ana dhana tu juu ya piezo, na dhana hiyo ataifundisha kwa wengine kama ujuzi. Tukihama kutoka kwenye uzi kwenda kwa watu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anaitwa mjinga, nani anaitwa mlalamishi, nani anaitwa “hajui kujieleza.”

Kuna pia wanaokikwepa kitufe kabisa. Magitaa mengi ya namna hii yana njia ya kutoa taarifa mbili kwa mbili: sumaku inakwenda kwenye amplifaya yake, piezo kwenye yake. Usichanganye, acha msikilizaji aamue. Inasikika kama unyofu wa hali ya juu. Ni kama mhariri anayesema nimechapa pande zote mbili, kazi yangu imekwisha.

Lakini amplifaya mbili zikiwa ndani ya ukumbi mmoja, hewa inazichanganya. Aliyekaa kushoto anasikia hii zaidi, aliyekaa kulia anasikia ile, na katikati kuna mchanganyiko ambao hakuna aliyeupanga. Kitufe hakijaondoka. Kimehamia kwenye mpangilio wa viti. Mhariri aliyechapa pande zote mbili amechagua ipi iwe ukurasa wa kwanza. Mwanahistoria aliyeacha vyanzo vijizungumzie amechagua vyanzo gani vifasiriwe. Sisemi kutenganisha ni kubaya; mara nyingi ndiyo heshima kubwa zaidi unayoweza kumpa shahidi. Nasema tu kwamba hakumwondolei mtu dhamana.

Basi tufanyeje? Sina fomula, na kitufe chenyewe hakina namba sahihi. Ninazo kazi nne ambazo fundi mwangalifu huzifanya, na sijaona sababu kwa nini mwandishi, hakimu au mzazi azifanye chache zaidi.

Anamsikiliza kila mmoja peke yake kwanza, mpaka ajue sauti yake bila mwenzake. Anauliza kila mmoja alianzia kuhesabu wapi, ili asije akachukua kufutana kwao kuwa ni uongo wa mmoja. Anamjengea mwenye nguvu ndogo kikuza chake kabla ya kumkutanisha na mwenye nguvu nyingi, na haoni kuwa huo ni upendeleo, kwa sababu bila hicho hakuna mkutano wowote, kuna kumezwa tu. Na akishachanganya, anakubali kwamba mchanganyiko ni wake. Haseme “hii ndiyo sauti ya asili.” Anasema: nilikuwa na mashahidi hawa wawili, mmoja aliona mwendo, mmoja alibeba uzito, na hivi ndivyo nilivyowaweka pamoja.

Kazi ya nne ndiyo inayosahaulika sana, na nadhani ndiyo inayotofautisha kuchanganya na kudanganya. Msomaji wa riwaya hadanganywi, maana jalada limeshamwambia. Anayedanganywa ni msomaji wa wasifu, wa habari, wa hukumu, anayepewa sauti moja laini na kuambiwa kwamba ndivyo uzi ulivyolia. Mtu akikwambia hivyo, usibishane naye kuhusu utamu wa sauti. Huenda ni tamu kweli. Mwombe kwanza akuonyeshe kitufe kilipo.